Kishindo Nyuma ya Mlango

Jua halijapanda vizuri, kinyozi alikuwa ameshamaliza ujuzi wake wote.

Asubuhi aliamka na majigambo. Ilikuwa Jumatatu, siku ambayo hafungui kibanda chake cha kunyolea, na mkewe alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Shemeji yake, ambaye ndiye angebaki na mtoto, alikuwa amelala na homa kwao. Basi kinyozi akasema atabaki yeye.

"Utaweza kweli?" mkewe alimuuliza huku akifunga kilemba mbele ya kioo.

"Mimi? Watoto wa mtaa mzima wanakaa kwenye kiti changu wametulia tuli, nanyoa mpaka nyuma ya masikio. Huyu mmoja wa kwangu ndiye anishinde?"

"Kwenye kiti wanakaa robo saa, Baba Kishindo. Huyu utakuwa naye mpaka jioni."

Mtoto mwenyewe, wa kike, alikuwa na jina zuri, ila lilitumika kliniki tu. Nyumbani na mtaani alikuwa Kishindo, kwa sababu tangu alipojua kutumia miguu hakuwahi kutembea. Alikuwa akikimbia, na nyayo zake zilipiga sakafu kama mtu anayetwanga. Alikuwa anakaribia kutimiza miaka miwili. Maneno aliyoyajua hayakujaza kiganja, na nusu yake yalikuwa "sitaki".

Mama alipotoka, Kishindo alilia akiwa ameshika mguu wa meza. Kinyozi akampa chanuo. Likamnyamazisha kwa muda wa kupiga chafya. Akampa kioo kidogo cha duka, mtoto akakibusu, akakilamba, halafu akakiinua juu ili akirushe, kinyozi akakidaka roho ikiwa mkononi. Akampa sufuria na mwiko, zikapigwa mpaka jirani akagonga ukuta. Akamtia ndani ya boksi la sabuni akamsukuma chumba kizima kama gari, akipiga honi kwa mdomo, mpaka kiuno kikamkatalia. Walicheza kujificha, lakini nyumba ya vyumba viwili haina maficho mengi, na kila kinyozi alipojificha nyuma ya pazia, tumbo lake lilibaki nje. Kishindo alicheka mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu alimtazama baba yake kama mteja aliyenyolewa vibaya, akaenda zake kuvuta waya wa pasi.

"Huo hapana, mama," kinyozi alisema, akauondoa. Mtoto akajitupa chini akalia.

Hapo ndipo alipokumbuka maji. Alichota kwenye ndoo akatia katika beseni kubwa la kufulia, akaliweka katikati ya sebule, akampa Kishindo kikombe cha plastiki na vizibo vya chupa. Ghafla nyumba ikatulia. Mtoto akachuchumaa, akachota, akamwaga, akachota tena, ulimi ukiwa nje kwa kuzama kazini. Kinyozi akashusha pumzi. Aliinjika sufuria ya maharage kwenye jiko la gesi, lile dogo ambalo mtungi wake unakaa sakafuni na moto uko juu yake, kwenye kona waliyoitenga kwa pazia kuwa jiko. Kisha akaketi na chai yake, ambayo ilikuwa imeshapoa, na akaona kwamba si haba, siku inakwenda.

Hakufika nusu ya kikombe. Kishindo alijimwagia maji kifuani, akashtuka, akacheka, akajimwagia tena. Kinyozi akamvua gauni, akamvisha jingine kavu, akapangusa sakafu. Akachukua gauni bichi na kitambaa cha kupangusia ili aanike kamba ya nje, hatua chache tu kutoka mlangoni. Mlango aliuacha wazi kabisa. Alikuwa anabana kibanio cha pili aliposikia nyuma yake mbao zikisogea.

Kishindo alipenda sana kufunga chochote chenye mlango. Aliusukuma kwa mikono miwili, na kitasa kikalia "ka".

Kilikuwa kitasa cha kujifunga chenyewe. Ukiwa ndani unakizungusha tu, kama mkono unakifikia. Ukiwa nje unahitaji ufunguo. Ufunguo wa kinyozi ulikuwa umetundikwa kwenye msumari ukutani, ndani. Simu yake ilikuwa mezani kando ya chai, ndani. Na mtoto alikuwa ndani, anacheka.

Kinyozi naye alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye akili yake bado haijafika. Alishika mpini wa mlango akausukuma kwa bega. Haukutingishika. Ndipo akili ilipofika. Beseni liko katikati ya chumba. Moto uko kwenye kona, kimo cha mtoto.

"Kishindo," aliita. "Njoo kwa baba."

Akasikia nyayo zikikimbia, lakini zilikuwa zinakwenda mbali na mlango. Kisha akasikia maji yakimwagika, kikombe kwa kikombe, na kila kikombe kilimpasua kifua. Sebule ile haikuwa na dirisha. Ilikuwa na matofali ya matundu juu karibu na dari, ya kupitisha hewa, na mtu hawezi kuchungulia humo bila ngazi. Kilichobaki kwake kilikuwa masikio tu, na upenyo mwembamba chini ya mlango.

Akalala kifudifudi kwenye baraza, shavu kwenye saruji, akaingiza vidole vyake chini ya mlango akavichezesha.

"Panya hao," alisema kwa sauti ya mchezo. "Panya wa baba hao, wanakuja. Nani atawashika panya?"

Maji yakanyamaza. Nyayo zikaja mbio. Vidole vidogo, vyenye maji na baridi, vikamshika kidole cha shahada, na kinyozi akafumba macho.

Aliyekuwa amegonga ukuta asubuhi alikuwa Mama Pacha, jirani wa mlango wa pili, mwanamke wa kuuza vitumbua anayeamka alfajiri na kulala tena mchana. Alitoka akiwa na khanga begani na uso wa mtu anayetaka kusema jambo kuhusu sufuria. Akamkuta baba mzima amelala chini anazungumza na mlango.

"Baba Kishindo, kulikoni?"

Alimweleza bila kuinua kichwa na bila kutoa vidole. Uso wa Mama Pacha ukabadilika.

"Mama yake ana ufunguo mwingine?"

"Anao. Mpigie. Kisha nakuomba dada yangu, kimbia kwa seremala pale ng'ambo, mwambie aje na kila alicho nacho."

Mama Pacha alipiga simu papo hapo. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata; huko kwenye mashuka, simu huachwa kabatini mpaka saa ya mapumziko.

"Kwa nini usiende dirisha la chumbani, kule nyuma?" alisema akiwa tayari anajifunga khanga vizuri kiunoni. "Umwone japo kwa macho."

"Nikiondoka hapa atarudi kwenye maji. Hapa ndipo anapojua kuwa nilitokea. Nenda, dada, nenda."

Akaenda, na kinyozi akabaki na vidole vyake.

Mchezo wa panya ulichuja upesi. Alihisi mkono mdogo ukilegea, akaona lazima alete kingine kabla haujaondoka. Akatia mkono mfukoni, akatoa vibanio vilivyobaki. Akasukuma kimoja chini ya mlango.

"Shika, huyo samaki. Mlete samaki kwa baba."

Kibanio kikaondoka. Kimya kidogo. Kikarudi, kimelowa. Akakisukuma tena, kikarudi tena, na nyuma ya mlango Kishindo akaguna kwa furaha. Kinyozi akaongeza cha bluu, akaongeza cha njano. Aliongea bila kituo, kama aongeavyo na mteja anayeogopa mashine: samaki huyu anaumwa meno, huyu amegombana na mkewe, huyu amekwenda kunyoa na hana nywele. Kazi yake yote ilikuwa kuongea, na hakuna siku aliyowahi kuongea akiwa na hofu namna hii. Jasho lilimtiririka puani, likadondoka sakafuni, naye hakulipangusa kwa sababu mkono mmoja alikuwa ameulalia na mwingine ulikuwa kazini.

Halafu kibanio cha njano hakikurudi.

"Samaki yuko wapi, mama?"

Hakujibiwa. Akatega sikio. Akasikia kitu kikiburutwa sakafuni, kwa kukwama na kuvutwa, na akakijua. Kilikuwa kigoda, na kigoda kilikuwa kimekaa kando ya pazia la jikoni.

Nusura apige ukelele. Mdomo ulishafunguka. Lakini alimjua mwanawe: akipigiwa kelele hukimbia hovyo bila kuangalia aendako, na mbele yake kulikuwa na sufuria inayochemka. Akaumeza ukelele wake. Akaweka midomo kwenye upenyo na kuunguruma, "Zzzzzz," mlio wa mashine ya kunyolea, ule ambao Kishindo akiletwa dukani huupokea kwa kupiga makofi. "Zzzzzz. Mashine ya baba imeingia mlangoni. Nani anakuja kunyolewa?"

Kigoda kikanyamaza.

"Zzzzzz," kinyozi alisema, na machozi yakamjaa bila yeye kuyaruhusu.

Nyayo zikaja. Kitu chepesi kikajigonga kwenye mlango na kukaa chini. Kichwa, alifikiri. Ameniletea kichwa. Aliunguruma kwa muda mrefu, akivuta pumzi kwa pua, akinyoa kichwa ambacho hakukiona, na alipoivuta pumzi moja hivyo akanusa maharage. Hayakuwa yakinukia tena kama chakula. Maji yalikuwa yamekauka na chini ya sufuria kulikuwa kumeanza kuungua.

Mama Pacha alirudi na seremala, mtu wa kifua kipana na maneno machache, ameshika mtaimbo. Nyuma yao walikuja watu wawili watatu wa mtaa, kila mmoja na ushauri wake. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye matofali ya juu. Seremala hakusalimia. Alipapasa mlango, akatafuta mahali pa kuchomeka mtaimbo, akachomeka, akajiweka sawa miguu. Halafu akasita.

"Mlango unaingilia ndani," alisema. "Mtoto yuko wapi?"

"Hapa," kinyozi alisema kutoka chini. "Ameuegemea."

Seremala akautoa mtaimbo.

"Basi siwezi, ndugu yangu. Huu ukikubali unakwenda wote kwa kishindo. Utampiga."

Hakuna aliyecheka kwa jina hilo. Kinyozi alitazama viatu vya seremala vilivyojaa vumbi la mbao. Alikuwa amehangaika tangu mwanzo kumvuta mtoto aje mlangoni, na sasa mlango ndio ulikuwa mahali pabaya kuliko pote. Amwondoe. Ampeleke wapi? Kati ya mlango na chumba cha kulala kulikuwa na beseni, na kando ya beseni kulikuwa na moto.

"Dirisha la nyuma," alisema. "Nitamwita kule. Nikiwa nimemshika mkono nitaita, na wewe vunja. Kabla sijaita usiguse, fundi. Nakuomba."

"Sigusi."

"Mama Pacha, kaa pale kwenye kona ya nyumba, unisikie mimi, na fundi akusikie wewe."

Kisha akafanya lile lililokuwa gumu kuliko yote siku ile. Akanyamaza. Akatoa vidole vyake chini ya mlango, akainuka taratibu ili mtoto asisikie, na upande wa pili akasikia "Baba?" ya sauti ndogo. Hakuitika. Akakimbia.

Nyuma ya safu ile ya nyumba kulikuwa na uchochoro wa mfereji, matofali yaliyovunjika na mabati ya kutu. Alijikwaa, akaanguka kwa goti, akainuka bila kujua kama ameumia. Dirisha la chumbani lilikuwa na nondo, na nyuma ya nondo wavu wa mbu. Ndani aliona kitanda, ambacho kilikuwa kimesukumwa mpaka chini ya dirisha, na mlango wa chumba ulikuwa umefunguka nusu. Nyuma ya mlango ule hewa ilikuwa ya kijivu.

"Kishindo. Baba yuko huku."

Kimya.

"Zzzzzz," alisema. "Mashine imehama. Mashine iko chumbani, mama. Zzzzzz."

Kimya. Kisha akasikia maji, si ya kumwagwa kwa kikombe, bali mshindo mmoja mzito, kama kitu kimetumbukia. Kinyozi alishika nondo kwa mikono miwili akazivuta kana kwamba zingekubali. Hakuweza kuunguruma tena, midomo ilikataa. Alichoweza ni kuita jina la mtoto, lile la kliniki, lile ambalo hakuna mtu aliyelitumia.

Nyayo. Zilikuja zikitoa mlio wa maji, chwa chwa chwa, na Kishindo akatokea kwenye mlango wa chumba akiwa amelowa kuanzia tumboni kwenda chini, kikombe mkononi, akikohoa. Alimtazama baba yake dirishani kwa mshangao mkubwa. Kwa akili yake, baba alikuwa nyuma ya mlango mwingine kabisa.

"Panda," kinyozi alisema. "Panda kitandani, mama. Njoo unipe kikombe."

Mtoto akashika shuka, akajivuta, akateleza. Akashika tena. Kinyozi alikuwa anauchana wavu kwa kucha, akiuvuta kwenye misumari yake mpaka ukaachia upande mmoja. Kishindo akafanikiwa kuweka goti juu, akajibiringisha kama gunia dogo, akasimama kwenye godoro akiyumba, akanyoosha kikombe. Kinyozi hakuchukua kikombe. Alipitisha mkono katikati ya nondo mpaka begani na kumkamata kifundo cha mkono.

"Ninaye," aliita. "Vunja."

"Vunja," Mama Pacha alipokea kwenye kona.

Mpigo wa kwanza ulitikisa ukuta. Kishindo akaruka kwa hofu, akapiga yowe, akataka kujitoa akimbie. Alikuwa amelowa, na mkono wake uliteleza kama sabuni. Kinyozi akaingiza mkono wa pili, akamshika kiwiko, uso wake umebanwa kwenye chuma.

"Ngoma hiyo," alimwambia. "Fundi anapiga ngoma, msikilize. Moja tena, hiyo. Nyingine inakuja. Niangalie mimi. Usiangalie huko, niangalie mimi."

Mbao zikalia, zikapasuka, na mlango ukaingia ndani kwa nguvu zake zote, ukafagia mahali ambapo mtoto alikuwa ameketi, ukapiga ukuta. Kinyozi aliusikia na kuelewa. Akasikia watu wakikohoa, akasikia jiko likizimwa, sufuria ikitupwa nje. Mama Pacha aliingia chumbani na khanga puani, akambeba mtoto kiunoni.

"Mwachie mkono, baba," alisema.

Kinyozi alikuwa bado ameshika.

"Mwachie. Ninaye mimi sasa."

Ilibidi avifungue vidole vyake kimoja kimoja, kama vya mtu mwingine.

Mkewe alifika jua likiwa bado kali. Wakati wa mapumziko alikuwa ameona simu zilizopigwa, hakungoja kujua ni za nini, akaomba ruhusa akatoka mbio na vumbi la sabuni mikononi. Aliwakuta seremala anatwanga misumari, mlango umelazwa barazani, na Kishindo amelala kwenye mkeka wa Mama Pacha. Alimgusa mtoto paji la uso, kifua, miguu. Alimnusa nywele. Kisha akaingia ndani kwao, akasimama mbele ya beseni.

"Niambie," alisema. "Anzia mwanzo."

Kinyozi angeweza kumwambia habari ya upepo uliofunga mlango. Njiani kutoka uchochoroni alishaifikiria, na ilikuwa na sura nzuri. Lakini akamweleza kama ilivyokuwa, mpaka ule mshindo wa maji aliousikia akiwa dirishani. Nadhani alikaa humo, alisema. Nadhani aliteleza akakaa, akainuka mwenyewe.

"Nadhani," mkewe alisema.

"Ndiyo. Sikuona."

"Maji ulitia kiasi gani?"

Akamwonyesha kwa mkono, juu kidogo ya kifundo. Mkewe aliutazama mkono ule. Halafu akainama, akaliinua beseni na maji yake yaliyobaki, akatoka nalo, akamwaga mferejini yote kwa mara moja. Aliporudi alilifudikiza beseni kando ya ukuta.

"Naacha kazi," alisema.

"Usiache."

"Nitawezaje kukaa kule, napiga pasi mashuka ya watu, kichwa changu kiko hapa?"

"Leo nigombeze mimi," kinyozi alisema. "Gomba mpaka uchoke. Lakini kazi usiache kwa ajili yangu. Fundi nimemwambia asirudishe kitasa kile, atie komeo la kawaida, juu. Jiko tutalipandisha mezani. Na Jumatatu ijayo nikibaki naye, chakula tutapika usiku, mchana sitawasha moto."

"Jumatatu ijayo," mkewe alisema polepole, "unataka kubaki naye tena?"

Kinyozi aliegemea ukuta. Goti lake lilikuwa limevimba na kucha mbili zilikuwa zimechanika, na masikio yake yalikuwa bado yanasikia kigoda kikiburutwa.

"Naogopa," alisema. "Lakini nataka."

Mkewe akaketi kwenye kiti, akakifungua kilemba kilichokuwa kimelegea. Hakusema ndiyo. Alisema goti lile lioshwe kabla halijatunga usaha, akaenda kutafuta chumvi, na kinyozi akakunja suruali.